Daftari la Saa

Daftari langu lina safu nne:
tarehe, wodi, dakika, sahihi.
Mwaka wa tatu huu, na bado nadaiwa
saa mia sita na kumi na moja
kabla jina langu halijapigwa muhuri
na mtu akaniita mtabibu
bila kucheka.

Mjomba Ochola hucheka.
Kila Jumapili Nyalenda, tonge mkononi:
"Apondi, hebu tueleze tena.
Karo ya mihula sita, shamba la Ahero limekodishwa,
ili ukawapigie wagonjwa kinanda?"
Mama husogeza bakuli la mchuzi upande wangu.
Ndivyo anavyojibu.

Sijamwambia mjomba kuhusu ubongo,
kwamba neno likikatiwa njia upande wa kushoto
wimbo unaweza kupitia uchochoro wa kulia
ukafika mdomoni na vumbi lake.
Niliyaandika hayo kwenye mtihani,
nikapata kumi na nane kwa ishirini.
Wodini hakuna aliyeniuliza.

Kitanda cha tisa: Zablon Otuoma, mwashi,
kiharusi cha mwezi Machi,
mkono wa kulia umewekwa juu ya shuka
kama kitu alichoombwa amshikie mtu.
Amebaki na neno moja.
Ukimsalimu, *lakini*.
Ukimpa chai, *lakini*.
Benta mkewe akiaga jioni,
*lakini, lakini*, na macho yamejaa
sentensi yote iliyopaswa kufuata.

Siku ya kwanza nilikwenda nimejiandaa:
kinanda cha betri, kibao kimoja kimekufa,
wimbo wa kanisani unaojulikana na kila mtu Kisumu,
mwendo wa taratibu, sauti ya chini,
kama kitabu kinavyoagiza.
Ubeti wa pili hatukuufikia.
Alilia mpaka muuguzi akavuta pazia.

Nikaandika: *Mgonjwa ameguswa. Dakika ishirini.*
Daktari Khayesi akasoma, akakata kwa kalamu nyekundu,
maneno na dakika zake.
"Ameguswa wapi? Hata gari humgusa mtu."

Benta ndiye aliyenieleza, bombani, akisuuza kikombe:
huo ndio walioimba wakimzika Felgona,
mwaka ule Nyando ulipoingia nyumbani.
Alisema bila kunilaumu.
Afadhali angenilaumu.

Wiki iliyofuata sikubeba kinanda.
Nilikaa kushoto kwake nikahesabu pumzi.
Juu ya mabati korongo walitembea kama wakaguzi.
Kidole chake kizima kilikuwa kikigonga chuma cha kitanda:
tatu, kimya. Tatu, kimya.
Nikadhani ni mtetemeko, nikashika kalamu niandike.
Kisha nikakumbuka: mwashi.
Mpini wa mwiko juu ya tofali, ko ko ko,
halafu anakwangua udongo uliozidi.

Nikamfuata kwenye kiti cha plastiki.
Nikakosea.
Akanitazama vile fundi humtazama kibarua
aliyeweka tofali upogo,
akarudia, polepole, kwa ajili yangu.

Tulijenga ukuta mrefu.
Kwenye kile kimya nikatia sauti mbili, moja chini, moja juu,
mwito wa kila mjengo niliowahi kupita nje yake:
*Leta maji.*
Midomo yake ikatafuta.
"La," akasema, na nilijua lile neno linakuja,
nikaendelea kugonga.
"La... le..."
Ko ko ko.
"Leta."

Benta alimwaga uji.
"Leta ma-ji," kwa sauti zile zile, chini, juu,
na jasho likimtiririka kama aliye jukwaani, tofali la mwisho.
Muuguzi akaja mbio na maji kweli, kikombe cha bati.
Hakuna aliyemwambia
yalikuwa ya kuchanganyia saruji.

Wodi ya saba. Dakika arobaini. Sahihi.
Zimebaki saa mia sita na kumi, dakika ishirini.

Asubuhi yake nikamsalimu.
*Lakini*, akasema.
Nikavuta kiti karibu.
Kidole chake kilikuwa tayari juu ya chuma,
kikiningoja nikumbuke
tuliishia tofali la ngapi.